LAKABU ZA BARUA PEPE: Jinsi ya kukwepa spamu na kulinda siri zako, hasa sisi tunaotumia kafe



Leo nawaletea somo ambalo linamhusu kila anayekaa mbele ya kompyuta ya kafe na kukuta barua pepe 300 hazijasomwa, na kati ya hizo za maana ni mbili. Nitaeleza takataka hizo zinatoka wapi, na utazizuia vipi bila kutoa hata senti tano. Somo ni refu kidogo, kwa hiyo kama unalipia kwa dakika, hifadhi ukurasa huu kwenye flashi ukausome taratibu.

Jibu kwa kifupi ni hili: acha kumpa kila mtu anwani ile ile moja. Kila mlango upe jina lake. Majina hayo ya ziada ndiyo nayaita lakabu, na unaweza kuwa nayo hata 50 huku kikasha chako kikiwa ni kimoja tu.

KWA NINI TUJALI?

Kijana wa huku akimaliza kidato cha nne au cha sita, mambo yake makubwa yote yanapita kwenye barua pepe. Anaomba mkopo Bodi ya Mikopo (HESLB) kwa mtandao. Anaomba chuo kwa mtandao. Anajisajili kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira kwa mtandao. Kote huko anaulizwa barua pepe, na akisahau paswedi, njia ya kurudi ndani ni hiyo hiyo barua pepe.

Sasa chukua mtu anayeingia kafe mara moja kwa wiki, amelipia nusu saa. Dakika 20 zinaisha anafuta matangazo ya kamari na "umeshinda milioni". Ujumbe wa chuo unaomtaka athibitishe nafasi yake kabla ya Ijumaa uko ukurasa wa nne, hakuufikia. Nafasi imekwenda. Hapo spamu haiitwi kero tena, inaitwa hasara.

Na kuna hatari ya pili. Ukizoea kuona takataka, siku ukiletewa takataka iliyovaa suti unaweza kuingia mkenge. Sisi wa Lindi tumesikia habari za mradi wa gesi wa Likong'o kwa miaka mingi, na Juni 2022 serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell. Kijana anayetafuta kazi akiona neno "Likong'o" kwenye kichwa cha ujumbe, atafungua tu. Tapeli analijua hilo. Kinachomkosesha ni kutoijua anwani yako.

1. SPAMU NI NINI, NA ILIANZA LINI?

Spamu ni barua pepe usiyoiomba, inayotumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Jina lilitokana na nyama ya kopo ya Kimarekani iitwayo SPAM. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, waliigiza mgahawa ambao kila chakula kina nyama hiyo, utake usitake. Watu wa kompyuta wakaona jina linafaa.

Ya kwanza inayotajwa sana ni ya Mei 1978. Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, aliwatumia mamia ya watumiaji wa ARPANET (baba wa intaneti ya leo) tangazo la kompyuta zake mpya. Watu walikasirika, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Mwaka 1994 wanasheria wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, wakamwaga tangazo moja kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Lilihusu nini? Green Card, ile bahati nasibu ya kwenda Marekani! Zaidi ya miaka 30 imepita na chambo ni kile kile. Kwa taarifa yako, Marekani haina utaratibu wa kumtangazia mtu kwa barua pepe kwamba ameshinda bahati nasibu hiyo. Mwombaji huangalia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao kwa namba aliyopewa alipojaza fomu.

Mbona hawachoki? Kwa sababu kutuma barua pepe milioni moja ni karibu na bure. Hata akinasa mmoja tu katika maelfu, tapeli amekula.

2. ANWANI YAKO INAVUJIA WAPI?

(a) Unaitoa mwenyewe. Fomu ya kupakua wimbo, shindano la kushinda simu, tovuti ya "jua nyota yako". Kila fomu inaomba barua pepe, na wewe unaandika ile ile uliyompa HESLB.

(b) Unaiandika hadharani. Hii ndiyo ya kibongobongo kabisa. Mtu katangaza kwamba ana mitihani ya zamani ya NECTA, chini yake watu 80 wameandika "na mimi nitumie, imeili yangu ni..." Kuna roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikiokota kitu chochote chenye alama ya @. Hizo 80 ni mavuno ya dakika moja.

(c) Ujumbe wa mnyororo. "Tuma kwa watu 10 upate baraka." Kila anayetuma anaacha anwani za wenzake wazi. Ukitumiwa, usiendeleze.

(d) Tovuti kuibiwa. Hapa wewe huna kosa lolote. Agosti 2013 wezi waliingia Yahoo. Desemba 2016 kampuni ikatangaza kwamba akaunti bilioni 1 ziliguswa, na Oktoba 2017 ikasema ukweli wote: ni akaunti zote bilioni 3 zilizokuwepo. Majina, anwani, namba za simu, tarehe za kuzaliwa. Kaka na dada zetu waliofungua Yahoo zama za kafe za mwanzo, wote wamo.

(e) Orodha kuuzwa. Kuna wenye tovuti ambao biashara yao halisi ni wewe. Wanakusanya anwani na kuziuza.

Ukitaka kujua kama anwani yako imeshavuja, ingia haveibeenpwned.com. Ilianzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia, na ni bure. Unaandika anwani yako, inakuambia ilionekana kwenye wizi upi. Haikuulizi paswedi. Tovuti yoyote ya kukagua wizi inayokuuliza paswedi, hiyo yenyewe ndiyo mwizi.

3. LAKABU NI NINI HASA?

Lakabu ni jina la pili la mtu yule yule. Wapenzi wa bongo fleva mnalijua hili. Joseph Mbilinyi ameitwa 2-Proud, akaitwa Mr II, akaitwa Sugu. Mwite kwa jina lolote kati ya hayo, atageuka mtu mmoja. Ukimsikia mtu anamwita 2-Proud, unajua huyo alimfahamu zamani. Jina lililotumika linakuambia anayeita katokea wapi.

Lakabu ya barua pepe ni hivyo hivyo. Anwani ina sehemu mbili: kabla ya @ na baada ya @. Sehemu ya baada ya @ inaonyesha barua iende kwa seva ya kampuni gani. Sehemu ya kabla ya @ inasomwa na seva hiyo yenyewe, na ndiyo inayoamua barua iingie kikasha cha nani. Kwa hiyo kampuni ikitaka, inaweza kukubali majina mengi na yote yakaingia kikasha kimoja. Hakuna uchawi hapo.

Faida zake ni tatu:
- Unajua nani kavujisha anwani yako.
- Unaweza kumfungia mmoja bila kuwasumbua wengine.
- Ukitumia aina nzuri, mtu hajui kabisa anwani yako halisi.

4. AINA ZA LAKABU

4.1 Alama ya jumlisha (+)

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Tuseme anwani yako ni jinalako@gmail.com. Bila kujisajili popote, tayari unazo hizi:

jinalako+muziki@gmail.com
jinalako+kazi1@gmail.com
jinalako+mpira@gmail.com

Gmail inapuuza kila kitu kuanzia + hadi @, barua inaingia kwako. Lakini neno lile linabaki limeandikwa kwenye barua. Outlook.com nao wanaukubali mtindo huu. Yahoo wana anwani zao za kutupa zinazotumia kistari, lakini hizo lazima uzitengeneze kwanza kwenye mipangilio.

Nimeujaribu mwenyewe. Nilijisajili kwenye tovuti moja ya matangazo ya kazi (jina nalihifadhi) kwa +kazi1, na sikuiandika lakabu hiyo mahali pengine popote. Wiki chache baadaye zikaanza kumiminika barua za mikopo ya haraka na kamari, zote zimeandikwa +kazi1. Sikuhitaji kwenda kwa mganga kumjua aliyeniuza.

Udhaifu wake: haifichi. Mjanja akiona jinalako+kazi1 anafuta +kazi1, anabaki na anwani yako safi. Pia fomu nyingine zinaikataa alama ya +. Mbaya zaidi ni zile zinazoikubali siku ya kujisajili halafu zinaikataa siku ya kuingia.

4.2 Nukta

Gmail haijali nukta kabla ya @. jina.lako, j.inalako na jinalako ni mtu mmoja. Inakusaidia pale fomu inapokataa +. Lakini zinachanganya, ukiwa na tano hutakumbuka ipi ulimpa nani.

4.3 Jina la ziada la Outlook

Microsoft wanaruhusu kuongeza anwani nyingine kabisa kwenye akaunti moja, hadi 10. Hapa majina hayafanani, kwa hiyo mtu hawezi kukisia jina moja kutoka lingine. Unaweza pia kuzuia jina fulani lisitumike kuingilia kwenye akaunti, likabaki la kupokelea barua tu. Hilo ni jambo zuri: unayempa anwani hapati hata nusu ya ufunguo.

4.4 Lakabu ya kupitisha

Hii ndiyo inayoficha kweli kweli. Kuielewa, waulize wazazi kuhusu masanduku ya posta. Vijijini huku watu wengi hawakuwa na S.L.P. yao. Barua iliandikwa kwa sanduku la shule, au la msikiti, au la duka fulani Lindi mjini. Aliyetuma hakujua nyumba yako iko wapi. Mwalimu mkuu anapokea, anamwita mwanafunzi, barua inafika nyumbani.

Huduma za kupitisha zinafanya kazi ya mwalimu mkuu. Zinakupa anwani isiyofanana na jina lako, barua inafika kwao, wao wanaisukuma hadi kwako. Ukichoshwa na mtumaji, unaizima lakabu, basi. Kwake wewe umehama mji.

Zenye huduma ya bure:

- SimpleLogin: tangu Aprili 2022 iko chini ya kampuni ya Proton ya Uswisi. Bure unapata lakabu 10.
- Firefox Relay: ya Mozilla, ilianza mwaka 2020. Bure unapata 5.
- addy.io: zamani iliitwa AnonAddy.
- DuckDuckGo: anwani zao zinaishia na @duck.com, na zinaondoa vile vipicha visivyoonekana ambavyo mtumaji huviweka kujua kama umefungua barua. Kuanza unahitaji programu yao ya simu au kiongezo cha kivinjari, kwa hiyo fanyia kwenye simu, usifanyie kafe.
- Apple: wenye iPhone wana kitufe cha kuficha barua pepe wanapojisajili kwa akaunti ya Apple. Kilianza mwaka 2019.

Udhaifu wake: mwalimu mkuu akitaka kusoma barua anaweza, kwa sababu inapita mikononi mwake. Na shule ikifungwa, barua zako hazina pa kupita. Halafu angalia suala la kujibu: huduma nyingine zinakuruhusu kujibu kwa lakabu bure, nyingine mpaka ulipie.

4.5 Anwani ya kutupa

Kuna tovuti kama Mailinator, iliyoanza mwaka 2003, ambako hujisajili kabisa. Unabuni jina lolote, barua inaingia, unaisoma, unaondoka. Lakini sikiliza vizuri: kikasha hicho cha bure ni cha wazi. Mtu yeyote akiandika jina lile lile anasoma barua zako. Itumie kwa kitu cha mara moja kisicho na siri, tena kisichokuhitaji kurudi. Kamwe usifungulie akaunti ya kitu unachokithamini.

5. JINSI YA KUTENGENEZA CHUJIO KWENYE GMAIL

Lakabu bila chujio ni kama wavu bila uzi, haikamati kitu. Chujio ni amri unayoipa Gmail: "barua ikija kwa jina hili, ifanye hivi". Na hapa ndipo sisi wa kafe tunawazidi wenye simu, maana chujio hakitengenezwi kwenye programu ya Gmail ya simu. Unahitaji Gmail ya kompyuta.

Hatua ni hizi:

1. Fungua Gmail kwenye kompyuta. Bofya alama ya gia juu upande wa kulia, kisha chagua kuona mipangilio yote.
2. Nenda sehemu ya vichujio na anwani zilizozuiwa.
3. Bofya kutengeneza chujio kipya.
4. Kwenye nafasi ya mpokeaji (siyo mtumaji!) andika lakabu nzima, mfano jinalako+muziki@gmail.com.
5. Endelea mbele, kisha chagua unachotaka: iruke kikasha na kuingia kwenye lebo ya "Muziki", au ifutwe moja kwa moja.
6. Hifadhi. Umemaliza.

Mwanzoni chagua lebo, usichague kufuta. Tovuti ikianza kukuuza, ndipo urudi ubadilishe iwe kufuta.

Chujio kingine kizuri ni cha kinyume. Barua zinazotoka .go.tz na .ac.tz ziwekee nyota na uziambie zisipelekwe kwenye spamu kamwe. Vikoa hivyo ni vya taasisi za serikali na za elimu ya juu, ndiko HESLB na vyuo wanakoandikia. Ila jina la mtumaji linaweza kughushiwa, kwa hiyo barua ikikuomba hela au paswedi usiiamini hata kama ina nyota. Na anayejiita "Ofisi ya Ajira" huku anwani yake inaishia gmail.com, huyo mwache na mambo yake. Kuomba kazi Ajira Portal ni bure.

Je, kitufe cha kujiondoa kwenye orodha? Kwa kampuni unayoifahamu, bofya. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo wanawalazimisha wanaotuma kwa wingi waweke njia rahisi ya kujiondoa. Kwa mtumaji usiyemjua, usibofye kitu. Unamthibitishia tu kwamba humu ndani kuna mtu.

6. WAPI USITUMIE LAKABU

Wataalamu wengi wa mtandaoni wanakuambia utumie lakabu kila mahali. Mimi sikubaliani, kwa mazingira yetu. Sehemu hizi tumia anwani yako halisi, safi, isiyo na + wala mpitishaji:

- HESLB, maombi ya chuo, Ajira Portal, TRA, na mifumo yote ya serikali
- Benki
- Akaunti ya kurejeshea akaunti nyingine

Sababu ni tatu. Kwanza, mfumo ukiikataa alama ya + katikati ya msimu wa maombi, hutapata wa kumlilia. Pili, mpitishaji akifa, mkopo wako hauna njia. Tatu, siku ukiingia ofisini kwa tatizo, afisa atakuuliza "barua pepe yako ni ipi?" nawe unaanza kukumbuka: ilikuwa +mkopo au +heslb?

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuwa na anwani mbili. Ya kwanza ni ya heshima. Haiandikwi popote isipokuwa kwenye mambo niliyotaja, na haiwekwi + hata siku moja. Ya pili ni ya mtaani, na hiyo ndiyo unayoifanyia lakabu zote. Hata mjanja akifuta + atapata ya mtaani tu. Ya heshima hajui kama ipo.

Halafu andika kwenye daftari lakabu ipi umempa nani. Lakabu tu, usiandike paswedi.

7. UKIWA KAFE AU STESHENARI

Hapa ndipo penye moto, wadau. Lakabu 50 hazikusaidii kitu kama mzizi wenyewe haumo mikononi mwako.

Huku kwetu wengi hawakufungua barua pepe zao wenyewe. Walikwenda steshenari kuomba mkopo, yule jamaa wa kompyuta akasema "huna imeili? ngoja nikufungulie". Kafungua, kaweka paswedi anayoijua yeye, na kwenye nafasi ya simu ya kurejeshea akaunti kaweka namba yake ili mambo yaende haraka. Mara nyingi hana nia mbaya, ana foleni ya watu 15 nje. Lakini kiutendaji, akaunti hiyo iko mikononi mwake. Mwakani akihamia Mtwara au akipoteza laini, wewe na mkopo wako mko nje ya geti.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya lakabu yoyote, kagua haya:

- Namba ya kurejeshea ni yako? Ingia kwenye usalama wa akaunti ya Google uangalie. Kama ni ya mtu mwingine, ibadilishe sasa hivi.
- Laini hiyo bado unayo? Januari 2020 TCRA ilianza kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole. Kama namba iliyo kwenye akaunti yako ni ya zama hizo na ilizimwa, haikusaidii, na siku moja anaweza kupewa mtu mwingine.
- Paswedi ni wewe peke yako unayeijua? Kama jamaa wa kafe aliiandika yeye, ibadilishe.
- Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kama huna simu kila wakati, Google wanakupa namba 10 za akiba unazoweza kuziandika kwenye karatasi. Ziweke pamoja na vyeti vyako.
- Tumia dirisha la faragha la kivinjari, na kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi paswedi, kataa.
- Toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Ukishatoka kafe na huna uhakika, chini ya ukurasa wa Gmail wa kompyuta kuna sehemu ya kuwatoa wote walioingia kwingine.
- Ingia angalau mara moja kwa miezi michache. Tangu Desemba 2023 Google wanaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili.

Na ujue mipaka ya lakabu. Inaficha anwani yako, haikufichi wewe. Kompyuta ya kafe ikiwa na programu ya kunasa unachoandika, lakabu haizuii. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye kafe wafunge hadi kamera za ulinzi. Kwa hiyo usije ukadhani umekuwa mzimu.

8. SHERIA INASEMAJE?

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inatambua hifadhi ya maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Kwa hiyo kutunza anwani yako si ujanja ujanja, ni haki.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, ina kifungu cha 20 kuhusu ujumbe usioombwa unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa. Sheria hiyo hiyo inakataza kujifanya mtu mwingine. Zingatia tofauti: lakabu ni jina lako la pili, ruksa. Kufungua anwani kwa jina la mkuu wa wilaya ili uombe watu hela, hiyo ni jela.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa zako akuambie za kazi gani, na inakupa haki ya kukataa zisitumike kwa matangazo ya biashara. Tume yake, PDPC, ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 2024, na inapokea malalamiko. Hapa ndipo lakabu inageuka ushahidi: badala ya kusema "nadhani wao ndio walionivujisha", unaonyesha barua iliyokuja kwa jina ulilowapa wao peke yao.

Na kwa wale wa meseji za simu, "ile hela itume kwenye namba hii", lakabu ya barua pepe haiwahusu. Huko TCRA wana namba 15040 ya kuripotia utapeli.

9. KWA KIFUPI, ANZA HIVI

1. Hakikisha mzizi ni wako: paswedi, namba ya simu, hatua mbili.
2. Fungua anwani ya pili, ya mtaani. Ya kwanza ibaki ya mkopo, chuo, kazi na benki.
3. Tovuti unayoifahamu, mpe jina lenye + na utengeneze chujio.
4. Tovuti usiyoiamini, mpe lakabu ya kupitisha.
5. Kitu cha mara moja kisicho na siri, tumia anwani ya kutupa.
6. Andika lakabu zako kwenye daftari.
7. Anayekuuza, mzime.

Kazi yote hii haizidi saa moja ya kafe. Kama una hela ya nusu saa tu leo, fanya namba 1 na 2, mengine wiki ijayo.

Wenye maswali au mnaojua njia nyingine, sehemu ya maoni iko hapo chini. Ila tafadhali, mtu asiandike "naomba nitumie, imeili yangu ni..." Nitaifuta kwa faida yake mwenyewe, teh teh!

Nawakilisha.